Buti la Shafti: Mpira Mdogo Unaolinda Safari ya Maziwa

Ndugu mkulima, mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya kitu kidogo cha mpira kilicho chini ya gari lako. Ukisimama kando ya gari huwezi kukiona, na kinapoanza kuharibika hakipigi kelele. Watu wengi hawakijui kabisa mpaka siku ile gari linapokataa kwenda, mikebe ya maziwa ikiwa ndani na jua likizidi kupanda. Mafundi hukiita buti la shafti.

Labda utauliza, gazeti la wakulima lina shauri gani na magari? Jibu ni rahisi. Skimu zilipoanza mwaka 1962, na mashamba makubwa ya walowezi yakagawanywa, wakulima wengi walipeleka mazao yao kwa punda, kwa baiskeli au kwa mkokoteni. Siku hizi wengi hutumia gari dogo, na mara nyingi gari lenyewe ni Toyota Probox. Kutoka Bahati, Dundori, Subukia, Njoro, Mau Narok na Molo, gari hilo hubeba maziwa, viazi, kabichi na mbolea, na usiku wa shida humbeba mgonjwa kwenda hospitali. Basi gari ni chombo cha shamba kama vile plau na bomba la kunyunyizia dawa, nalo yafaa litunzwe kama vyombo hivyo.

Neno letu la leo ni hili: buti likichanika ukaliona mapema, hasara yako ni mpira na grisi tu. Usipoliona, hasara ni kiungo kizima, na maziwa ya siku kadhaa juu yake.

KAZI YA BUTI

Probox ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002. Katika nyingi za gari hizi injini huzungusha magurudumu ya mbele. Hapo pana jambo la kufikiria. Gurudumu la mbele hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huvuta gari, hukata kona, tena hupanda na kushuka kufuata mashimo ya njia. Kwa hiyo shafti, yaani mti wa chuma unaotoka giaboksi kwenda kwenye gurudumu, hapana budi iweze kujipinda huku ikizunguka.

Ndiyo sababu kila shafti ina viungo viwili, kama vile mkono wa mtu ulivyo na bega na kiwiko. Kiungo cha ndani kiko karibu na giaboksi. Kiungo cha nje kiko karibu na gurudumu, na hicho ndicho mafundi hukiita sivi. Ndani ya sivi mna gololi sita za chuma kigumu zinazotembea katika mifereji. Kiungo cha namna hii kilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa mwaka 1926. Kilienea sana katika motokaa ndogo baada ya gari la Uingereza liitwalo Mini kutokea mwaka 1959. Uzuri wake ni kwamba hata usukani ukikatwa sana, gurudumu huzunguka sawasawa bila kurukaruka.

Gololi hizo huishi ndani ya grisi. Buti ni kifuniko cha mpira mweusi chenye mikunjo kama akodiani ya kuchezea mwomboko. Hufungwa kwa mikanda miwili ya chuma, mmoja kwenye kiungo na mwingine kwenye shafti. Kazi zake ni mbili tu: kuzuia grisi isitoke, na kuzuia vumbi na maji yasiingie. Buti likiwa zima, kiungo chaweza kudumu miaka mingi bila kuguswa.

KWA NINI HUCHANIKA UPESI HUKU KWETU

Sababu ya kwanza ni umri. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyokwisha kutumika yasiyozidi miaka 8. Maana yake gari unaloliita jipya laweza kuwa na mpira wa miaka saba. Mpira hukauka kama ngozi isiyopakwa mafuta, na mikunjo huanza kupasuka.

Sababu ya pili ni njia zetu. Mawe yenye makali, mabua ya mahindi, vipande vya waya wa ua, na matope yanayokauka yakawa magumu kama saruji, vyote hivi hukwaruza buti. Mzigo mzito nao hushusha gari, shafti zikakaa katika pembe isiyo yake.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni vumbi. Husemwa ya kuwa jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Nchi yetu kati ya Longonot na Menengai imefunikwa na majivu ya volkano. Chukua vumbi la barabara ulisugue kati ya vidole viwili, utasikia linakwaruza. Likiingia ndani ya grisi, mchanganyiko huo huwa kama ile dawa ambayo mafundi hutumia kusagia valvu za injini. Kila gurudumu linapozunguka, gololi husagwa. Vumbi halichoki wala halipumziki.

TAZAMA BUTI KILA JUMA

Mkulima mwema hakami ng'ombe kabla ya kutoa matone ya kwanza katika kikombe cheusi, ili atazame kama kuna ugonjwa wa kiwele. Hangoji mpaka kiwele kivimbe. Fanya vivyo hivyo na gari. Mara moja kwa juma, liweke mahali tambarare, vuta hendibreki, na ukate usukani mpaka mwisho upande mmoja. Zima injini. Chukua tochi utazame nyuma ya gurudumu la mbele, kisha ukate usukani upande wa pili utazame lile lingine. Tazama mabuti yote manne, ya nje na ya ndani. Fungua mikunjo kwa vidole, maana mpasuko hupenda kujificha katikati ya mikunjo.

Utakuta moja ya hali hizi:

Hali ya kwanza. Mpira una nyufa ndogo juu, lakini haujatoboka na hakuna grisi nje. Nunua buti sasa, uliweke, na upange siku ya kazi.

Hali ya pili. Mpira umechanika, na grisi imerukia upande wa ndani wa gurudumu, lakini gari halitoi sauti. Badilisha buti juma hili hili. Kila safari unayoongeza inaingiza vumbi.

Hali ya tatu. Gari likienda polepole huku usukani umekatwa sana, wasikia ka-ka-ka-ka kutoka gurudumuni. Hapo gololi na mifereji imekwisha kulika. Buti jipya halitaponya kiungo hicho, kama vile bandeji mpya haitarudisha jino lililooza. Nunua kiungo au shafti nzima.

Hali ya tatu si jambo la mzaha. Kiungo kikivunjika, nguvu yote ya injini hukimbilia upande uliovunjika, na gari husimama hata ukikanyaga mafuta. Tena sikiliza sana hili: gari la gia otomatiki likiwekwa katika P huzuiwa na shafti hizo hizo. Shafti moja ikivunjika, P haishiki tena, na gari laweza kurudi nyuma mlimani. Likikupata jambo hilo katika mteremko wa Subukia au wa Mau, vuta hendibreki kwanza, kisha weka mawe makubwa kwenye magurudumu, ndipo watu washuke.

PIGA HESABU YAKO

Chukua kalamu. Andika bei ya buti pamoja na grisi na mikanda yake. Chini yake andika bei ya shafti nzima. Kisha andika maziwa. Mathalan, ukipeleka lita 80 kila siku, na gari likikaa siku 3 likingoja spea, hizo ni lita 240 za kutafutiwa njia nyingine au kumwagwa. Zidisha kwa bei unayolipwa kwa lita moja. Ukimaliza hesabu hiyo utajua mwenyewe kwa nini tunaandika habari hii.

VYOMBO VYA KAZI

Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani na mtu mwenye subira, akiwa na msaidizi mmoja. Ikiwa ni mara yako ya kwanza, itenge siku nzima. Panga na jirani akubebee maziwa ya asubuhi, ili usifanye kazi kwa haraka.

Kabla ya kwenda dukani, andika namba ya chesisi ya gari, kwa maana mabuti hayalingani hata katika magari ya jina moja. Nunua buti lenye grisi yake na mikanda yake, nati mpya ya shafti, pete mpya ya kufungia ya upande wa giaboksi, pini mpya ya tai rodi, na mafuta ya giaboksi ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Grisi ya sivi ni grisi maalumu, mara nyingi nyeusi, yenye molibdeni. Grisi ya kawaida ya mkokoteni haifai hapa.

Vyombo ni hivi: jeki, stendi mbili za chuma, spana za boksi pamoja na ile kubwa ya nati ya shafti, ambayo katika magari mengi ya namna hii huwa ya milimita 30, nyundo ya kawaida na nyundo ya mpira au ya shaba, patasi ndogo, bisibisi, koleo la pete, bomba refu la chuma, karai, vitambaa safi na mafuta ya taa. Spana ya kupimia nguvu ni ghali. Iazime kwa fundi au mnunue pamoja wakulima kadhaa.

USALAMA KWANZA

Usifanye kazi hii kwenye mteremko wala juu ya udongo laini. Weka mawe au vipande vya mti mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usitumie matofali wala mawe ya kujengea badala ya stendi, kwa sababu hupasuka ghafula bila kutoa ishara. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Stendi ikiteleza, gurudumu hilo litaokoa maisha. Watoto na ndama wawe mbali.

KAZI YENYEWE

Tunaeleza njia ya kutoa shafti nzima na kuifanyia kazi juu ya meza. Katika Toyota nyingi kiungo cha nje hakikukusudiwa kufunguliwa, kwa hiyo buti la nje huingizwa kwa kupitia upande wa ndani.

1. Gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake, toa kifuniko cha katikati. Nati ya shafti imefungwa kwa kingo yake kugongwa ndani ya mfereji. Inua kingo hiyo kwa patasi. Msaidizi akanyage breki, nawe ulegeze nati. Ikiwa ngumu, ongeza urefu wa mpini kwa bomba. Nati ikishalegea, usiliviringishe gari tena, maana beringi za gurudumu zitaharibika.

2. Legeza nati za gurudumu, inua gari, liweke juu ya stendi, utoe gurudumu. Weka karai chini ya giaboksi na umwage mafuta yake. Pima mafuta yaliyotoka kwa chupa, uandike kiasi. Utakihitaji baadaye.

3. Gari likiwa na breki za ABS, tafuta waya unaokwenda penye habu, ufungue mahali uliposhikizwa ili usikatike.

4. Toa pini na nati ya tai rodi. Usigonge ncha ya bolti yake. Gonga ubavu wa chuma kilichoishika mpaka iachie yenyewe.

5. Chini, bolijointi imeshikwa kwenye mkono wa gari kwa bolti moja na nati mbili katika Toyota ndogo nyingi. Zitoe. Shusha mkono huo kwa bomba refu, bolijointi itoke mahali pake.

6. Rudisha nati ya zamani kidogo kwenye ncha ya shafti ili kulinda meno, kisha gonga kwa nyundo ya mpira mpaka shafti ilegee. Toa nati, vuta habu nje, na shafti itaachia. Angalia sana mpira wa breki usivutwe wala kukunjwa. Habu isiachwe ikining'inia juu ya mpira huo.

7. Sasa upande wa giaboksi. Ingiza chuma bapa kati ya kiungo cha ndani na giaboksi, ubinye kidogo kidogo mpaka kiachie. Usishike shafti katikati na kuivuta kwa nguvu, kwa sababu kiungo cha ndani kitaachana. Toa shafti moja kwa moja bila kuipinda, usije ukakata sili ya mafuta. Ziba tundu kwa kitambaa safi.

8. Juu ya meza, panguza shafti nje. Kwa rangi kidogo, weka alama kwenye nyumba ya kiungo cha ndani, kwenye nyota yenye roli tatu iliyo ndani yake, na kwenye shafti, ili vyote virudi kama vilivyokuwa. Usiweke alama kwa patasi. Fungua mikanda ya buti la ndani, vuta nyumba ya kiungo, toa pete ya kufungia, kisha gonga nyota polepole itoke. Usigonge zile roli. Vuta buti la ndani litoke.

9. Kata mikanda na buti la nje lililochanika, uvitupe. Panguza grisi yote ya zamani. Osha kiungo cha nje kwa mafuta ya taa huku ukikipinda huku na huku, mpaka yanayotoka yawe safi. Kisha kiache kikauke kabisa. Mafuta ya taa yaliyobaki yatayeyusha grisi mpya. Sasa tazama kila gololi na kila mfereji kwa tochi. Chuma chema hung'aa na ni laini. Ukiona vishimo, mikwaruzo mirefu au nyufa, acha hapo. Kiungo hicho kimekwisha, na buti jipya ni fedha iliyotupwa.

10. Kiungo kikiwa chema, zungushia meno ya shafti utepe wa plastiki, ili yasikate mpira mpya. Ingiza mkanda mdogo, kisha buti la nje. Jaza grisi yote ya mfuko wake, ukiisukuma kwa kidole mpaka ipite kati ya gololi. Inayobaki iweke ndani ya buti. Grisi ya kiungo cha nje na ya cha ndani mara nyingi hazifanani, usizichanganye. Panguza mahali mpira unapokaa pawe pakavu, weka kingo zake katika mifereji yake, na uhakikishe buti halikubonyea wala kujisokota. Likiwa limebonyea, inua ukingo kwa bisibisi butu ili hewa iingie. Kisha kaza mikanda.

11. Ingiza buti la ndani, na nyota kwa kufuata alama. Ule upande wa nyota wenye meno yaliyochongwa mteremko uelekee kiungo cha nje. Weka pete ya kufungia, hakikisha imekaa mahali pake pote, tia grisi, rudisha nyumba na ufunge mikanda. Waya wa ua au utepe wa tyubu si mkanda. Waya hukata mpira, na tyubu hulegea.

12. Rudisha shafti. Weka pete mpya kwenye ncha ya ndani, pengo lake likitazama chini, paka sili mafuta kidogo, na usukume mpaka usikie pete ikiingia. Vuta nyumba ya kiungo kidogo kwa mkono. Ikiwa haitoki, imeshika. Rudisha habu, bolijointi, tai rodi na pini mpya, na waya wa ABS. Jaza giaboksi mafuta mapya kwa kiasi ulichopima, kisha ukague kipimo kama kitabu kinavyosema.

JUU YA KUKAZA NATI

Hapa watu wengi hukosea. Nati ya shafti haikazwi kwa kukisia. Ikilegea, beringi itakufa. Ikikazwa kupita kiasi, beringi itakufa vilevile. Soma kipimo katika kitabu cha gari. Katika magari madogo ya namna hii mara nyingi hupita nyutoni-mita 180.

Ili ujue nguvu hiyo ni kubwa namna gani, tufanye hesabu ya darasani. Mtu wa kilo 70 akitia uzito wake wote kwenye mpini uliolala sawa, sentimita 30 kutoka katikati ya nati, hutoa kilo 70 mara 9.8 mara mita 0.3, yaani nyutoni-mita 206 hivi. Kwa hiyo usidhani mkono peke yake watosha, wala usidhani kuruka juu ya spana ni kazi njema. Tumia spana ya kupimia, gari likiwa chini kwa magurudumu yake na msaidizi akikanyaga breki. Kisha gonga kingo ya nati mpya iingie mferejini. Nati za gurudumu katika Toyota ndogo hukazwa nyutoni-mita 103, kwa kuvuka kutoka moja hadi ile iliyo upande wa pili.

JARIBU GARI KABLA YA KUTIA MZIGO

Kwanza kanyaga breki mara kadhaa ukiwa umesimama. Kisha zungusha gari polepole mahali penye nafasi, mara mbili kushoto na mara mbili kulia, madirisha yakiwa wazi. Sikiliza. Pasiwe na ka-ka-ka. Nenda kilomita chache bila mzigo, urudi, utazame kama kuna grisi au mafuta yanayovuja, na kama mikanda imeshika. Siku ya pili kaza tena nati za gurudumu. Ukiona usukani unavutwa upande mmoja, mpe fundi apime mwelekeo wa magurudumu.

NJIA ZA MKATO

Madukani kuna buti lililopasuliwa ubavuni, ambalo huzungushwa kwenye shafti na kubandikwa gundi bila kufungua kitu. Laweza kukufikisha mwisho wa juma, lakini gundi haipendi grisi wala matope. Lichukue kama kamba ya kufungia lango usiku mmoja, wala si bawaba. Kuna pia buti la mpira laini linalovutwa juu ya kiungo kwa kifaa cha umbo la pia. Hilo ni afadhali, kwa kuwa halina mshono, lakini pia linataka shafti itolewe penye habu na kiungo kioshwe vizuri. Kuweka buti jipya juu ya grisi yenye vumbi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Tena si aibu kumpelekea fundi. Nati ikikataa, bolti ikikatika, sili ikikatwa, au ukiwa huna stendi, mwite mtu anayeijua kazi. Lakini sasa utajua la kumwuliza: Je, umeosha kiungo? Umeweka nati mpya? Mikanda ni ya chuma? Mkulima anayejua kuuliza hadanganywi kwa urahisi.

GRISI YA ZAMANI IENDE WAPI?

Usiimwage zizini, kwa maana ng'ombe hupenda kulamba vitu vya namna hii na huweza kudhurika. Usiimwage mtoni pia. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huishia katika Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo hubaki humo. Weka grisi na mafuta machafu katika mkebe wenye kifuniko, uupeleke kwa gereji inayokusanya mafuta machafu.

SHAURI LA MWISHO

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa buti huanza kwa urefu wa ukucha, na huonekana kwa tochi tu. Jumapili hii, kabla hujakaa kunywa chai, inama nyuma ya gurudumu la mbele ufungue mikunjo ile kwa vidole. Mfundishe na kijana wako au binti yako kutazama, maana macho yao ni makali na magoti yao hayachoki. Vidole vikitoka vikavu, mshukuru Mungu na uendelee na kazi. Vikitoka na grisi, usilale mpaka umepanga siku ya kulitengeneza.